Dawa ya Kupanda Presha

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Naungama, na hili sijamwambia mtu mwingine yeyote: Bibi anakata vidonge vyake vya presha kwa wembe, na mimi nimemwona nikanyamaza.

Ilikuwa jioni hii. Mlango wa chumba chake ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Bibi amekaa ukingoni mwa kitanda, kioo kidogo cha mkononi kimelazwa magotini, kidonge juu ya kioo. Akaweka wembe. Tik! Nusu akaimeza. Nusu akairudisha koponi. Akajipangusa vidole kama mtu aliyemaliza kumenya vitunguu.

Daktari alisema kidonge kizima kila jioni. Kizima! Nilikuwepo. Alisema akarudia, na Bibi akaitikia akarudia.

Sababu naijua. Bei imepanda tena. Mama, ambaye ni fundi cherehani na hushonea hapo hapo sebuleni, humwambia Bibi kwamba vidonge ni bei ya kawaida tu, asijali. Bibi haamini, kwa hiyo anakata. Humwambia Mama kwamba anameza vizima, na Mama anaamini. Mimi najua yote na simwambii mtu kitu. Nyumba nzima tunafichana kwa mapenzi.

Niseme? Nikisema, Bibi atajua nilichungulia. Mama atalia juu ya kitambaa cha mteja. Nitaulizwa maswali na wote wawili kwa pamoja. Mimi ni mtu ambaye shuleni nilikaa muhula mzima nikiitwa jina la mwanafunzi mwingine, kwa sababu niliona aibu kumsahihisha mwalimu. Mpaka ripoti nilichukua ya yule mwenzangu.

Lakini Bibi akianguka? Jirani wa nyuma alianguka jikoni kwake, presha hiyo hiyo, na mpaka leo mkono wake wa kulia umelala tu mapajani kama si wake.

Lazima iwepo njia ya kumwokoa Bibi isiyohitaji kuongea.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Ipo! Nimesoma kwenye simu tangu asubuhi. Dawa ile ile ambayo hapa inauzwa ghali, nchi nyingine inauzwa kwa bei ya chini kabisa. Watu wanaagiza. Watu wa kawaida, wenye bibi kama Bibi.

Mpango: kuagiza vidonge vya Bibi kutoka nje. Kwa usalama. Neno usalama nimelipigia mstari, halafu nikalipigia mwingine.

Maana hatari zipo. Kuna vidonge bandia vya chokaa. Kuna vidonge halisi vilivyoachwa juani mpaka vikafa nguvu. Kuna maofisa wa forodha wanaofungua mizigo. Nilipofika kwenye picha ya vidonge vya chokaa nilizima simu, nikanywa maji, nikaiwasha tena.

Waandishi wote wanasema jambo moja: kwanza muulize mfamasia wako. Inaelekea waandishi hawajafika kwenye famasi yetu. Kwenye kaunta ya famasi yetu anasimama Dada Mkuu.

Hilo si jina lake, ndicho cheo alichokuwa nacho shuleni. Alikuwa akiandika majina ya wapiga kelele. Mimi hakuwahi kuniandika hata siku moja, na nina hakika hajui kama nilisoma pale. Sasa amepata kazi ya kumsaidia mfamasia. Koti jeupe. Kalamu mfukoni. Sauti ile ile.

Hata hivyo nilikwenda. Njia nzima nilikuwa nikifanya mazoezi: samahani, je, kuna dawa kama hii ya bei nafuu zaidi? Nikapanga foleni. Zamu yangu ikafika. Dada Mkuu akaniuliza, kwa sauti ya gwaride, nikusaidie nini mwenzangu, sema tu usiogope! Foleni nzima ikageuka.

Nimenunua dawa ya meno.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mungu amemleta mtu. Mama Masanduku!

Ni mfanyabiashara. Huvuka mpaka kila mara kwenda kununua nguo, na kurudi na masanduku ambayo vijana wawili hawayanyanyui. Magauni yakiwa marefu humletea Mama ayapunguze. Leo amekuja, na amesema anaondoka kesho.

Tatizo lake ni moja. Mnong'ono wake unasikika mpaka nyumba ya tatu.

Alipoaga nikajitolea kumbebea mfuko. Mama alinitazama kwa mshangao. Nikaubeba mpaka kwenye kona nikiwa nimefunga mdomo. Nikaubeba mpaka kwake. Mama Masanduku akanishukuru, akauchukua, akaanza kufunga geti. Ndipo nikasema, kwa upande ule mdogo wa geti uliobaki wazi, kwamba nina ombi.

Hakusikia. Nikarudia. Hakusikia. Nikarudia mara nyingine, naye akapaza sauti: EEE! DAWA ZA PRESHA ZA BIBI YAKO?

Mwanamke aliyekuwa akianika nguo ng'ambo ya pili ya barabara alisimama na shuka mkononi.

Nikamwomba Mama Masanduku iwe siri. Akaapa. Akaapa kwa macho yake, kwa watoto wake na kwa masanduku yake. Akasema mwanangu, kwangu mimi siri ikiingia imezikwa. Akaongeza kwamba huko anakokwenda kuna duka la dawa pembeni ya soko analolifahamu, muuzaji wake ni kijana mwema, haulizi cheti cha daktari wala nini. Nikafurahi sana kusikia hivyo. Cheti anacho Mama, na kukiomba kungehitaji maelezo.

Kumlipa nimemlipa kwa pesa alizonipa Shangazi kunipongeza kwa kumaliza shule. Zimeisha zote. Sijuti! Nimtumie tu picha ya kopo, amesema, atamwonyesha muuzaji.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Picha nimepiga. Kazi haikuwa rahisi. Bibi hulala kidogo mchana, lakini hulala kama askari, jicho moja nusu wazi. Nikaingia kwa magoti. Nikachukua kopo. Vidonge vikachachatika. Bibi akasema, macho yamefumba, kwamba panya wa siku hizi hawana adabu. Nikabaki nimepiga magoti mpaka akaanza kukoroma.

Lebo ina jina kamili la Bibi. Sikutaka jina lake lifike nchi za watu na kusomwa na kila mpita njia, kwa hiyo nililifunika kwa kidole gumba. Nikapiga, nikatuma, nikafuta kwenye simu yangu ili ushahidi usibaki.

Nimefanya kwa akili sana. 

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mama Masanduku amepiga simu kutoka dukani kwenyewe. Wakati mbaya kuliko wakati wote. Mama alikuwa ameniegesha mbele yake ananipima gauni, pini zimejaa mdomoni mwake, na Bibi amekaa kwenye kochi anatoa maoni kuhusu kiuno changu.

Mama Masanduku akasema picha yangu ni kidole. Kidole kikubwa, na pembeni yake kipande cha kopo. Jina la mgonjwa linasomeka vizuri, akasema, ila jina la dawa halionekani. Upesi, mwanangu, kijana anafunga duka, dawa ya nini hasa? Presha ipi?

Bibi akauliza ni nani huyo anayepiga kelele kwenye simu. Nikasema ni rafiki. Bibi akasema hongera, hakujua kama ninaye.

Jasho! Nikageuka ukutani, pini ikanichoma ubavuni, nikanong'ona haraka niwezavyo: dawa ya kupanda presha.

Akasema ya kupanda? Nikasema ya kupanda. Akakata simu.

Sentensi moja tu, na imetosha. Labda kipaji ninacho, kilikuwa kimejificha.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Siku mbaya. Bibi alikwenda famasi na Mama kununua dawa ya kikohozi, na Dada Mkuu akajipa kazi ya kumpima presha bila kuombwa. Imepanda! Imepanda sana, akasema, mbele ya watu wote. Akamuuliza Bibi kama anameza dawa zake vizuri. Bibi akajibu kwamba yeye anameza, labda hiyo mashine yao ndiyo haijanywa dawa.

Watu walicheka. Mama hakucheka. Aliporudi alikaa mbele ya cherehani bila kushona.

Halafu Dada Mkuu, kwa kiherehere chake, akamwambia Mama eti nyumbani awepo mtu wa kumwangalia Bibi akimeza. Mtu yupo! Mtu anamwangalia kila jioni, mlangoni, na moyo unamwenda mbio! Yeye na koti lake jeupe anajua nini kuhusu nyumba yetu?

Jioni Bibi amekata tena. Ninadhani safari hii haikuwa nusu. Ilikuwa robo.

Mama Masanduku, rudi. Rudi haraka.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Amerudi! Amenipitishia kifurushi dirishani, kimefungwa ndani ya soksi mpya. Ameniambia maofisa wa forodha hawakugusa. Ameniambia pia kwamba hajamwambia mtu, isipokuwa dereva, na yule abiria aliyekaa naye, na mdogo wake.

Nimejifungia chooni kukagua. Nimekagua kama nilivyosoma. Boksi halijafunguliwa. Karatasi ya kufungia iko imara. Tarehe ya kuisha muda iko mbali. Namba ya boksi na namba ya pakiti zinafanana. Maandishi yamenyooka, hayana wino uliovuja. Kidonge nimekisugua kwa ukucha: si chokaa. Cheupe, kidogo, cha mviringo, karibu sawa na vya Bibi.

Ndani kuna karatasi ndefu ya maelezo, imekunjwa kunjwa, lugha siijui hata neno. Nimeinusa. Inanuka karatasi safi. Nimeridhika.

Dawa halisi kabisa! Nililia kidogo. Bibi akagonga mlango akauliza kama nimekufa au nimehamia.

Usalama lakini ni usalama. Kesho, kabla Bibi hajagusa, nitameza kimoja mimi mwenyewe kwanza.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Nataka kuandika yote kwa mpangilio.

Baada ya chai nilimeza kimoja. Nikakaa kitandani nikingoja kufa. Sikufa. Moyo ulidunda, lakini moyo wangu hudunda hata nikisalimiwa. Nikasema basi, ni salama. Mama alikuwa amepeleka magauni kwa mteja, Bibi alikuwa uani anaota jua. Nikaingia chumbani kwake, nikatoa vipande vyake vilivyobaki, nikajaza kopo vidonge vipya. Vizima! Kopo likajaa mpaka juu. Nikajiona mjukuu bora kuliko wote.

Ndipo kichwa kikaanza kutembea.

Sijui niandikeje. Ngozi ya kichwa ilikuwa inatembea, kama siafu wamepewa likizo humo. Nikajikuna. Vinyweleo vya mikono vikasimama, vyote, kama vinaimba wimbo wa taifa. Haja ndogo ikanibana, nikaenda, ikanibana tena. Nikajiambia ni woga. Lakini woga naujua, tunaishi pamoja. Huu haukuwa woga wangu.

Nikachukua boksi, nikaenda famasi karibu mbio, nikijikuna.

Foleni ilikuwepo. Dada Mkuu akaniona juu ya vichwa vya watu, akasema yule pale anajikuna, mpisheni. Akanikalisha, akanifunga kitambaa cha mashine mkononi bila kuniuliza. Akatazama namba. Akapima tena. Akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, umemeza nini?

Nikampa boksi. Akaikunjua ile karatasi ndefu, akaielekeza kwenye simu ili imtafsirie, akasoma. Mfamasia naye, mzee wa miwani, akaja kusoma juu ya bega lake. Wakatazamana.

Dada Mkuu akasema hii si ya kushusha presha. Hii ni ya kupandisha. Wanapewa watu ambao presha yao iko chini mno, wakisimama wanaanguka. Umeitoa wapi? Ni ya nani?

Nikapiga kelele.

Mimi! Nilisema BIBI! mpaka chupa za dawa ya kikohozi zikalia kwenye rafu. Foleni nzima ikaruka. Kisha maneno yakatoka yote, wembe, kopo, Mama Masanduku, soksi, kidole gumba, mbele ya watu ambao nusu yao ni wateja wa Mama. Mfamasia akaniuliza Bibi ameshameza? Nikasema sijui! Humeza jioni, lakini tangu Jumatano alipopimwa anaogopa, huenda akameza mapema! Bibi hana simu. Mama hakupokea.

Mfamasia alitaka nibaki nimekaa, nisitoke, tena nisilale chali, presha isije ikapanda zaidi. Nilikuwa nimeshatoka. Dada Mkuu alinifuata na mashine kwapani, koti linapepea nyuma kama pazia. Alikimbia vizuri, lazima nikubali. Njiani aliniambia, kati ya pumzi na pumzi, kwamba miaka yote ya shule hakuwahi kusikia sauti yangu, na alidhani sikujaliwa nayo. Kumbe alijua nilisoma pale.

Tulikuta geti wazi. Kibarazani ameketi Bibi, na kando yake ameketi Mama Masanduku na kikombe cha chai. Kopo lilikuwa kwenye mapaja ya Bibi. Kifuniko kiko wazi.



Bibi akanitazama toka juu mpaka chini. Akasema, mke mwenzangu, ulikuwa unanipeleka kwa marehemu mume wetu kabla zamu yangu haijafika?

Hakumeza. Hakumeza hata kimoja! Mama Masanduku alikuwa amekuja kushukuriwa. Aliona sijamshukuru kwa ukubwa wa kazi aliyofanya, kwa hiyo akamweleza Bibi yote, akianzia kituo cha basi. Bibi akaleta kopo, akalikuta limejaa kama limezaa, akasema yeye kitu asichokijua hakiingii kinywani mwake mpaka mwenye nacho arudi ajieleze.

Mama Masanduku alipoelewa kilichotokea alisimama, chai ikamwagika. Akasema hapana, yeye asisingiziwe! Aliambiwa dawa ya kupanda presha, akasema dawa ya kupanda presha, neno kwa neno, kwa lugha yao! Yule kijana alimuuliza mara mbili, mama, ya kupanda kweli? Akamjibu ya kupanda, baba, juu! Akatuonyesha jinsi alivyomwonyesha, kidole kikielekea mbinguni.

Dada Mkuu alimpima Bibi. Akanipima mimi tena, presha imeanza kushuka. Kisha akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka kalamu ikamdondoka mfukoni. Sikuona cha kuchekesha.

Mama alirudi na mifuko mitupu ya magauni. Bibi mwenyewe ndiye aliyemwambia, pamoja na habari ya wembe. Mama hakugomba. Alikwenda chumbani kwa Bibi, akatoka na ule wembe, akautia kwenye boksi la sindano zake, akakaa chini miguuni pa Bibi na kuegemeza kichwa gotini pake. Wakakaa hivyo. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Adhabu. Mama amenipeleka famasi na kunisimamisha mbele ya kaunta, akasema uliza. Uliza lile ulilotakiwa kuuliza. Yeye na Bibi wakakaa kwenye benchi nyuma yangu kama mahakama.

Nikaangalia kaunta. Nikauliza kama kuna dawa kama ya Bibi ya bei nafuu zaidi. Dada Mkuu akasema hajasikia. Bibi akasema hata yeye hajasikia, na yeye ndiye mgonjwa. Nikarudia kwa sauti.

Mfamasia akainama, akafungua droo ya chini, akaweka boksi juu ya kaunta. Boksi la kawaida, halina picha wala rangi za kung'aa.

Dawa ile ile! Kilichomo ndani ni kile kile, kipimo kile kile. Ile ya Bibi ina jina la kampuni, na tunalipia jina. Hii ina jina la dawa yenyewe tu. Bei yake? Mama aliomba airudie. Kisha akaomba aiandike. Kisha akamtazama Bibi, na Bibi akatazama dari.

Nikauliza, kwa kuwa nilishaanza, kama nayo imetoka nje. Mfamasia akavua miwani. Akasema binti, zote zimetoka nje. Ya ghali imetoka nje, ya rahisi imetoka nje, hata hiyo dawa ya meno uliyonunua imetoka nje. Kuna watu wenye kibali kazi yao ni kuziagiza, na wengine kazi yao ni kuzipima kabla hazijafika kwenye droo hii. Wewe ulitaka kufanya kazi ya watu wote hao chooni kwenu.

Hapo Dada Mkuu aliinamia chini ya kaunta kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Mfamasia hakutupatia dawa papo hapo. Cheti kimeandikwa jina la kampuni, kwa hiyo alimpigia daktari, na daktari akataka kumwona Bibi kwanza. Tukaenda kliniki. Daktari akampima, akamgombeza kuhusu wembe. Bibi akaitikia akarudia, lakini safari hii Mama alimwambia daktari asimwamini. Akaandika cheti kipya. Tukarudi famasi, tukapata.

Bibi alikimeza jioni hii mbele yetu sote. Kizima. Akafungua mdomo kutuonyesha ulimi, kama mtoto.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Presha ya Bibi inashuka. Dada Mkuu amepita nyumbani kumpima, akanywa chai, akasema nije famasi siku moja nimsaidie kupanga rafu, kwa kuwa mfamasia anatafuta mtu asiyepiga soga. Nikasema nitafikiria. Nilisema kwa sauti!

Nami nimekaa nikatafakari kwa makini kosa langu lilikuwa wapi. Nimelipata. Watu waliojua walikuwa wengi mno. Mama Masanduku alijua, dereva alijua, abiria alijua, mwisho foleni nzima. Siri ikiwa na watu wengi lazima iharibike. Kama ningekuwa nimefanya peke yangu, kimya kimya, yasingetokea haya.

Naandika hivi kwa sababu nimemwona Mama. Leo aliinuka kwenye cherehani akabaki ameinama nusu, mkono kiunoni, meno ameyauma. Alipoona namtazama akasema anatafuta pini. Haikuwepo pini. Mgongo unamuuma, na hatasema, kwa sababu kliniki itamchukua siku nzima na magauni ya watu yanangoja. Akilala kitandani, nyumba hii tutakula nini?

Mpango upo tayari. Mama Masanduku simtumii tena. Ana mdogo wake, mpole, haongei kabisa, naye anavuka mpaka wiki ijayo. Tumeshaonana. Tulisimama pamoja kwa muda mrefu bila yeyote kusema neno, nikajua huyu ndiye.

Picha sitapiga. Picha zilituponza. Nitamwambia mara moja tu, kwa mdomo, na nimefanya mazoezi mbele ya kioo mpaka sauti haitetemeki: dawa ya kuumwa mgongo. Fupi. Wazi. Haina pa kukosea.

Sasa tunajua mimi na wewe. Yule mdogo wa Mama Masanduku simhesabu, haongei. Tafadhali, usimwambie Mama. Usimwambie Bibi, atacheka. Na Dada Mkuu akikuuliza nimekwenda wapi, mwambie nimekwenda kununua dawa ya meno.